Daftari la Chumvi na Hasira

Jumatatu, 11 Desemba 1995

Nimepewa kazi ya shule nikiwa na miaka hamsini na sita. Daktari Januarius, yule aliyefungua zahanati yake nyuma ya soko la Bariadi tangu waliporuhusu matibabu ya binafsi, amenifunga mpira mkononi, akaujaza upepo mpaka vidole vikafa ganzi, akasikiliza, akaufungua, akanifunga tena. Mia na tisini kwa mia na kumi na tano. Alinitazama vile nilivyokuwa nikitazama gunia la pamba lililomwagiwa maji.

"Mzee Josia, kwa presha hii sikukuu unaweza usiivuke," akasema. "Wagonjwa wangu Desemba nawaonya, Januari nawazika. Wanakuja ndugu, anachinjwa ng'ombe, zinafunguliwa chupa, vidonge vinasahaulika, moyo unachoka."

Kisha akaanza kuniamuru. Chumvi hapana. Mafuta hapana. Pombe hapana. Nyama isiyo na mafuta, kidogo, mara moja kwa wiki. Kidonge cheupe asubuhi na jioni, kile cha kukojosha asubuhi. Nitembee kila siku. Nilale mapema. Na nisikasirike.

Nisikasirike! Nimepanga madaraja ya pamba ya ushirika miaka ishirini na miwili. Mwaka jana walipowafungulia mlango wanunuzi binafsi, mimi nikapunguzwa kazini. Sasa pamba safi na pamba chafu zinashindiliwa gunia moja, mchanga ndani, maji juu ili uzito upande, na hakuna wa kuuliza. Siku hizi kila kitu ruksa, isipokuwa Josia kula chumvi.

"Andika kila siku ulichokula na kilichokuudhi," akasema. "Uniletee tarehe nane Januari. Na usinidanganye, mimi moyo wako nitauuliza mwenyewe."

Jumanne, 12 Desemba

Nilichokula: ugali, mlenda bila chumvi.

Kilichoniudhi: mlenda bila chumvi.

Alhamisi, 14 Desemba

Mvua imenyesha vizuri tangu alfajiri. Tumepanda pamba nusu ya shamba la bondeni. Nilichokula: michembe ya viazi vikavu, ugali, nsansa zisizo na ladha kabisa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa yakachemshwa kama adhabu.

Mke wangu Lukresia ameficha chumvi. Nimeitafuta ndani ya vyungu, kwenye dari, chini ya kitanda. Nilipomuuliza akanijibu bila kugeuka: "Baba Violeth, siku nitakayokukuta na chumvi nafunga nguo zangu narudi kwetu Mwamapalala. Siwezi kukaa hapa kusubiri kuwa mjane." Mwanamke huyu amekwenda mjini na kurudi kwa miguu kunifuatia vidonge, kwa hiyo nikaacha kutafuta. Hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 16 Desemba

Leo naandika ukweli, Daktari apende asipende. Nimekula chumvi.

Nimeipata kwa Shangazi Mhoja. Huyu ni dada wa marehemu baba yangu, amebaki peke yake katika kizazi chao. Anaishi hapahapa kwenye kaya yangu, katika kijumba chake karibu na zizi. Amepikia samadi kavu miaka sitini na moshi wake umemwacha na macho mekundu. Kwingine macho mekundu ni ugonjwa wa macho. Kwetu huku kwa bibi kizee ni kesi ya uchawi.

Nilikwenda kumsalimu asubuhi. "Mwangaluka, Shangazi."

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Mbona umekonda shingo?"

Nikamweleza mateso yangu ya mlenda. Akacheka mpaka akakohoa, akaingia ndani, akatoka na kipande cha kitambaa chenye chumvi ya mawe. Alinitilia kidogo kwenye kiganja nikalamba palepale nimesimama, mtu mzima mwenye wajukuu. Akasema nikija kula ataniwekea kidogo kwenye bakuli langu, mke wangu asione. Nyingine akaifunga kwenye pindo la khanga yake.

Wakati anatoka nililiona lile gogo. Ni gogo la mkwaju ambalo jioni hulisukuma nyuma ya mlango wake, akalikaza kwa jiwe. Mwaka mzima sasa analala hivyo. Sikumuuliza, kwa sababu najua.

Jumatatu, 18 Desemba

Kilichoniudhi: Maganga. Nitaandika kirefu maana presha hii ya leo ni yake yote.

Maganga ni mtoto wa kaka yangu Mahona. Mahona alifariki hapa nyumbani tarehe mosi Januari mwaka huu, siku ya mwaka mpya, ameketi kwenye kiti chake baada ya chakula. Alikuwa na presha kama mimi. Lakini nani alisema presha? Maganga alikwenda kwa mganga wa kienyeji, na mganga akamwambia, mkono uliompa baba yako chakula cha mwisho ndio mkono uliomuua. Watu wakaanza kukumbuka. Nani alimpa nini? Wakakumbuka kwamba Shangazi Mhoja alimletea bakuli la maziwa ya mgando, na wakayaangalia macho yake. Basi. Kesi ikaisha bila hakimu.

Leo Maganga amekuja na pikapu. Ni wakala wa kampuni moja ya wale wanunuzi wapya, ana saa kubwa na miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Amenisalimia vizuri, "Shikamoo, baba mdogo," akanipa boksi la vinywaji vya makopo kutoka Dubai ambavyo siruhusiwi kunywa. Akasema tarehe mosi tutafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya baba yake, na fahali ataleta yeye.

"Hilo jema," nikasema.

"Nasikia unaumwa, baba mdogo."

"Presha tu."

Akavua miwani. "Baba naye walisema presha tu." Akageuka kukitazama kijumba cha Shangazi. "Nisikilize. Akianguka mwingine katika ukoo huu, safari hii hatutakwenda kuuliza kwa mganga. Jibu tunalo."

Nilimfokea. Nilimwambia aende akapime pamba yake ya mchanga aache kuwapima watu. Moyo ulipiga mpaka nikausikia masikioni. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia, "Unaona? Unatetemeka. Ameshaanza na wewe." Kisha akaondoka na pikapu lake akitimua matope.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo, Daktari. Ukinizika Januari, hutanizika peke yangu. Nikila ovyo nikafa, kuna bibi wa miaka themanini ambaye atakatwa mapanga kwa ajili ya kidari na chumvi yangu. Uliponiambia nisikasirike ulikuwa hujui hayo.

Jumanne, 19 Desemba

Sikula chumvi. Nimetembea mpaka kwenye lambo na kurudi. Nimekasirika njia nzima, kwenda na kurudi.

Alhamisi, 21 Desemba

Ugali, dagaa wa kuchemsha. Mvua kubwa. Pamba tuliyopanda bondeni imesombwa, itabidi turudie.

Ijumaa, 22 Desemba

Kila ninayekutana naye ananiuliza nitakula nini Krismasi, kama vile mimi ndiye mboga. Jirani mmoja ameniambia presha inaponywa na supu ya kongoro. Mwingine ameniambia vidonge vinadhoofisha wanaume. Yule wa tatu hajanishauri kitu, ila ameniuliza kwa sauti ya chini kama Mhoja bado anakula chungu kimoja na sisi. Nikamjibu anakula, na kama anataka kumuuliza mwenyewe mlango wake anaujua. Akaondoka haraka.

Nimekula chumvi mara moja. Kidogo sana.

Jumatatu, 25 Desemba

Nimerudi kutoka uwanjani sasa hivi.

Ibada ilikuwa nzuri. Tukarudi, wanangu wote wapo, wajukuu wamevaa nguo mpya, Maganga naye amekuja na kreti za soda na bia. Wengine walikula wali na kuku wa mafuta. Mimi Lukresia aliniwekea bakuli langu pembeni, ugali na mchicha wa kuchemsha, akaketi mbele yangu kunilinda. Nilikuwa nimekubali yaishe.

Shangazi Mhoja akapita nyuma yangu. Alinihurumia, ndiyo kosa lake lote. Lukresia alikuwa amegeuka kumkemea mjukuu. Shangazi akafungua pindo la khanga, akachota kidogo kwa vidole viwili, akaninyunyizia kwenye mchicha. Nilimwona, na nilifurahi.

Maganga pia alimwona.

"Bibi! Umemwekea nini baba mdogo?"

Uwanja mzima ukageuka. Hata watoto waliacha kutafuna. Shangazi akabaki na vidole vyake hewani, vyeupe kwenye ncha. Aliniahidi siri, na ahadi kwake ni ahadi. Akasema, "Si kitu."

"Kitu cheupe ulichofunga kwenye khanga si kitu?"

Hapo ilikuwa zamu yangu. Neno moja tu lilitakiwa: chumvi. Niseme, ni chumvi, nilimwomba mimi, mimi ni mlafi, mwacheni. Lukresia alikuwa ananitazama usoni. Nikakumbuka Mwamapalala na safari zake za vidonge, nikaona haya mbele ya wakwe na wajukuu. Mzee mzima anaiba chumvi kwenye khanga ya shangazi yake! Sikusema.

Maganga alilinyakua bakuli akalirusha. Kuku wakauparamia ule mchicha wakaumaliza. Hakuna kuku aliyekufa, lakini hakuna aliyewatazama kuku. Wote walimtazama Mhoja akirudi taratibu kwenye kijumba chake, na nikasikia gogo likisukumwa mchana kweupe.

Mimi nina hasira na Maganga kwa ujinga wake. Nina hasira na mganga wake, na wakwe zangu waliokaa kimya wakiwa wametoka kuimba kanisani saa ile ile. Nina hasira na Daktari na mlenda wake. Nimeandika majina mengi hapa, na bado kuna moja linabaki.

Jumatano, 27 Desemba

Shangazi ameniletea karatasi aliyoikuta mlangoni, imewekewa jiwe juu. "Nisomee," akasema.

Hakukuwa na maneno. Kulikuwa na panga lililochorwa kwa mkaa, na chini yake namba moja, kubwa.

"Ni tangazo," nikasema. "La chanjo."

Akanitazama sana. "Josia. Herufi sizijui. Panga nalijua."

Nikamwambia aende kwa binamu zetu Mwamanyili mpaka sikukuu zipite, nitampeleka mwenyewe. Akakataa. "Nikikimbia nitakuwa nimekubali. Nimezaliwa kaya hii. Kaburi la baba yangu lile pale. Niende wapi?" Nilikwenda kutafuta wa kumripotia. Ofisi zimefungwa, watu wako sikukuu, rudi tarehe mbili. Tarehe mbili! Karatasi inasema tarehe moja.

Nimetembea mpaka mapaja yameuma. Kifua kinabana upande wa kushoto. Vidonge nimemeza vyote viwili.

Ijumaa, 29 Desemba

Maji, uji mwepesi. Sikuweza kula. Lukresia anadhani natii.

Jumapili, 31 Desemba

Wote wako kanisani. Mimi nimesema naumwa, na si uongo.

Lukresia nimemweleza ile chumvi asubuhi, kabla hajatoka. Akasema, "Ungesema pale pale, Baba Violeth." Hakufunga nguo zake. Aliweka vidonge vyangu mezani na kikombe cha maji, akaenda kanisani. Ningependa angenitukana.

Lakini kuna jingine ambalo hata yeye halijui. Nimelikwepa daftari zima. Nikiambiwa niandike kilichokula moyo wangu, ni hiki.

Kwetu, siku ya sherehe, mdogo ndiye humpa mkubwa kidari cha kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, kimetiwa chumvi ya kutosha. Mkubwa akila, watu wote wanakula. Mkubwa akikikataa, amesema mbele za watu kwamba anauogopa mkono wa ndugu yake. Hakuna tusi zaidi ya hilo.

Tarehe mosi Januari mwaka huu nilimpa Mahona kidari cha kwanza mbele za watu, akala kidogo kwa heshima. Kisha yakaja maziwa ya Shangazi, akanywa. Hayo watu wote waliyaona. Baada ya hapo watu walitawanyika, tukabaki wawili nyuma ya nyumba na chungu. Nilikuwa nimelewa kidogo. Nikakata kipande kikubwa, chenye mafuta yote, nikakichovya kwenye chumvi.

Mahona akasema, "Hapana, mdogo wangu. Daktari amenikataza. Kile cha mwanzo kilitosha."

Nikamcheka. Nikamwambia sikukuu haina daktari.

Akasema tena, "Josia, kifua kinanibana. Acha."

Nikamsogezea mdomoni. "Unaukataa mkono wangu, kaka?"

Akala. Alikula chote kwa sababu yangu, akaniomba nimsaidie kufika kwenye kiti chake. Niliporudi na maji, alikuwa amekufa.

Mkono uliompa chakula cha mwisho. Mganga hakukosea, au alibahatisha, sijui na sitaki kujua. Niliposikia maneno yake nilisubiri watu wanigeukie mimi, wakamgeukia Mhoja, na mimi nikapumua. Mungu anisamehe, nilipumua. Mwaka mzima nimelala mlango wazi huku yeye akisukuma gogo. Nimewakasirikia watu wote wa Bariadi ili nisibaki chumba kimoja na huyu aliyemlisha kaka yake.

Ijumaa, 5 Januari 1996

Daftari limerudi leo. Siku nne halikuwa mikononi mwangu, kwa hiyo nitaanza nyuma.

Tarehe mosi Maganga alikuja na fahali na vijana wanne nisiowajua. Hawakusaidia kuchuna. Walikaa kwenye pikapu, wakitazama kijumba cha karibu na zizi. Watu wa ukoo walijaa. Mvua ilikuwa imekatika na jua linachoma. Shangazi Mhoja alitoka, amejifunga khanga safi, akaketi kwenye kigoda chake mbele za watu wote kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Hakuna aliyeketi karibu naye isipokuwa Lukresia, aliyeondoka kwangu akaenda kukaa pale.

Nyama ilipoiva, Maganga alikuja kwangu. Mimi sasa ndiye mkubwa. Alishika kidari, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye saa, chumvi imeganda juu yake. "Baba mdogo, tuanzie."

Nikasema hapana.

Watu wakaguna. Akatabasamu kwa uchungu, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Unaukataa mkono wangu?"

Maneno yale yale. Mtoto yule hakuwepo nyuma ya nyumba, hakuyasikia kwa mtu, ndivyo tunavyosema tu kwetu. Yalinipiga kifuani, na kweli kifua kikabana, jasho likanitoka, nikakaa chini. Nikawaona vijana wale wanne wakishuka kwenye pikapu. Hawakunitazama mimi. Walimtazama Mhoja. Nikaelewa kwamba nikianguka sasa hivi, kabla ya kusema, mambo yamekwisha.

Nikamkabidhi Maganga daftari. "Wewe umesoma. Soma kwa sauti."

"Baba mdogo, huu si wakati wa..."

"Soma! Anza tarehe kumi na sita!"

Akaweka nyama, akafuta mikono. Akasoma habari ya chumvi ya mawe na kiganja changu. Watu wengine wakacheka, kicheko kifupi. Akasoma Krismasi, akafika mahali penye jina lake na ujinga wake, akasita, akaendelea. Akasoma kuku. Vijana walikuwa wamesimama nusu njia, hawasogei mbele wala hawarudi. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Moyo ulikuwa unaruka pigo moja, unapiga mawili, na nilikuwa nikiuomba kama mtu anavyomwomba mnyama mzee wa kukokota avuke tope: kidogo tu, kurasa mbili tu, halafu ufanye utakavyo.

Akafika tarehe thelathini na moja. Alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, na wa pili. Kisha sauti ikapungua. Mwisho akawa anasoma kwa midomo tu, na hakuna aliyemwambia apandishe, maana wote walikuwa wamekwisha kusikia.

Nilinyoosha mkono wa kulia mbele yake. "Mganga wako alikuambia mkono wa mwisho. Ni huu."

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Akageuza kurasa nyuma, miwani imening'inia shingoni.

"Alikataa mara mbili," akasema.

"Mara mbili."

"Akakwambia kifua kinabana."

"Aliniambia."

Akalifunga daftari akaliweka kwapani. Akawaambia vijana wale wapande. Hakuna aliyekula kidari siku ile, nyama ikagawiwa kimya kimya, watu wakabeba wakaenda. Lukresia alinimezesha kidonge akanilaza kwenye mkeka.

Shangazi Mhoja ndiye aliyebaki amesimama juu yangu. Nilidhani atalia, au atanishukuru, maana sisi watu wenye makosa tunapenda kushukuriwa tunapoyaacha. Macho yake mekundu yalikuwa makavu.

"Mwaka mzima, Josia," akasema. "Mwaka mzima nimelala nimeushika mlango. Na wewe ulikuwa unakuja kunisalimu." Akaenda zake.

Leo Maganga amekuja kwa baiskeli, bila pikapu. Alipita kwanza kwenye kijumba cha karibu na zizi. Nilimsikia akisema, "Mwangaluka, Bibi," na kukawa kimya, na akarudia, na mara ya pili Shangazi akaitikia. Walizungumza. Sikuambiwa walichozungumza na sikustahili. Kisha akaja akanipa daftari, hakuketi. Aliniambia wale vijana amewaambia mwenyewe wasikanyage tena kijijini kwetu Ngulyati. Na mimi je, nikamuuliza, utanifanya nini? Akasema, "Wewe utaishi, baba mdogo. Meza vidonge vyako uishi."

Chini ya ukurasa wa tarehe thelathini na moja ameandika kwa kalamu yake nyekundu ya kununulia pamba: Nimesoma. Maganga wa Mahona.

Jumatatu, 8 Januari

Zahanati. Mia na sitini kwa mia moja. Daktari Januarius alifurahi, bado iko juu lakini inashuka. Akalichukua daftari aanze kulisoma, akafika mahali akaacha kuzungusha kalamu. Wagonjwa walikuwa wanasubiri nje, yeye akasoma mpaka mwisho. Aliponirudishia hakusema lolote kuhusu chumvi. Aliongeza vidonge vya mwezi mmoja, akaniambia niendelee kuandika.

Niliporudi nilimkuta Shangazi uwanjani ana shoka. Lile gogo la mkwaju amelitoa nje, anapasua kuni. Ana miaka themanini na anapasua vizuri kuliko mimi. Nikamsalimu, "Mwangaluka, Shangazi." Hakuitika. Nikasimama palepale juani. Shoka likapanda likashuka mpaka gogo likaisha.

Akanyoosha mgongo. Akanitazama, akalitazama rundo la kuni.

"Beba," akasema.

Nikainama, nikabeba.

Nilichokula: ugali na mlenda wa Shangazi, umepikwa kwa kuni zile. Haukuwa na chumvi.